Safura Haiishii Shuleni: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Matuga

Ukimpeleka mtoto apimwe choo katika zahanati yoyote kati ya Ng'ombeni na Mkongani, na majibu yakaonyesha safura, karatasi utakayorudishiwa itakuwa na neno hilo moja na labda alama ya kujumlisha. Haitakwambia ni safura gani. Wazazi wengi hawajui kwamba kuna zaidi ya moja, na hilo si kosa lao, kwa maana dawa ni ile ile na anayeiandika hahitaji kuulizia aina. Lakini kwa mtoto mwenyewe tofauti ipo, tena ipo ndani ya damu yake. Nimeandika mwongozo huu kwa mzazi anayeishi Kwale mjini, Kombani, Waa, Tiwi au Ng'ombeni na ana mtoto wa shule, na kwa mwalimu anayesimamia siku ya dawa ya minyoo. Yaliyomo ni yale ambayo ningetaka kuambiwa mwaka ule mwanangu wa pili alipoanza kusinzia darasani na kurudi nyumbani bila hamu ya mpira.

Minyoo wawili, yai moja

Minyoo wa safura wanaomwandama binadamu ni hasa wawili. Mmoja huitwa Necator americanus, mwenzake Ancylostoma duodenale. Jina la huyo wa kwanza lina maana ya muuaji wa Marekani, kwa sababu Charles Stiles alimweleza mwaka 1902 kutokana na wagonjwa wa huko, ingawa wataalamu wanaamini alivuka bahari ya Atlantiki akiwa matumboni mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa hiyo jina ni la Marekani, asili ni kwetu. Huyu ndiye aliyeenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Yule wa pili anajulikana sana Misri na Afrika Kaskazini, na katika ukanda wetu wa pwani na visiwa anapatikana akiwa amechanganyika na mwenzake.

Wote wawili ni vijiuzi vyeupe vya urefu wa sentimita moja hivi. Hujibana kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, hukata, hunywa damu, kisha huhamia mahali pengine na kuacha kidonda kikivuja. Necator ana vibamba vya kukatia mdomoni. Ancylostoma ana meno, na ni mkubwa kidogo. Tofauti hiyo ndogo ya mdomo inakuja kuonekana kwenye hesabu.

Necator mmoja humgharimu mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ancylostoma mmoja, takriban mililita 0.15, yaani mara tano. Ni tarakimu zisizomtisha mtu mpaka azizidishe. Tuseme mtoto ana minyoo 40. Wakiwa wote ni Necator, anapoteza mililita 1.2 kwa siku, robo ya kijiko cha chai. Wakiwa wote ni Ancylostoma, anapoteza mililita 6, kijiko kizima na ziada. Kwa siku 30 hizo ni mililita 180, kikombe cha chai kilichojaa, na mtoto wa kilo 20 ana damu ipatayo lita moja na nusu mwilini mwake kote. Sehemu ya madini ya chuma iliyomo kwenye damu inayovujia utumboni hufyonzwa tena na mwili, ndiyo maana mtoto haanguki siku moja. Anafifia polepole, na sisi tunasema amekuwa mvivu.

Ipo tofauti ya pili, nayo inagusa jikoni. Necator huingia kwa njia ya ngozi. Ancylostoma huingia kwa ngozi na pia kwa mdomo, kupitia mikono yenye udongo au mboga isiyooshwa vizuri, na mabuu wake wanaweza kujificha mwilini miezi kadhaa kabla ya kukua. Ancylostoma huishi mwaka mmoja hivi. Necator anaweza kukaa miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Mmoja ana pupa, mwingine ni mpangaji wa kudumu.

Jirani yetu ambaye watoto wake wamechunguzwa kwa undani juu ya jambo hili ni Pemba, kisiwa kilicho ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, chenye mchanga, minazi na mvua kama zetu. Mwaka 1998 Marco Albonico, Rebecca Stoltzfus na wenzao, akiwamo Hababu Chwaya wa Zanzibar, walichapisha matokeo ya wanafunzi 525 wa huko. Hawakuishia kuhesabu mayai. Walikuza mabuu kutoka kwenye choo cha kila mtoto ili wajue ana minyoo wa aina gani. Watoto waliokuwa na Necator peke yake, asilimia 60.5 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 33.1 walikuwa wameishiwa akiba ya chuma. Watoto ambao nusu au zaidi ya mabuu wao walikuwa Ancylostoma, upungufu wa damu ulifika asilimia 80.6 na kuishiwa chuma asilimia 58.9. Ni watoto wa kisiwa kimoja, wanaokula vyakula vya aina moja. Nikizitazama tarakimu hizo naona madarasa mawili ya watoto waliopewa jina moja la ugonjwa huku mzigo wao haulingani.

Kwa nini maabara haikwambii

Mayai ya minyoo hawa wawili hayatofautishiki kwa hadubini. Hata mtaalamu wa miaka mingi akiyatazama ataandika safura na kukomea hapo. Ili kujua aina, choo hupakwa kwenye ukanda wa karatasi ya kuchujia, ukanda husimamishwa ndani ya bomba lenye maji kidogo chini, na baada ya wiki moja au siku kumi mabuu waliototolewa hushukia majini, ndipo umbo la mdomo na mkia wao huchunguzwa. Siku hizi pia kuna kipimo cha vinasaba. Vyote viwili ni vya watafiti, havipo zahanati, na sikushauri uvitafute. Kinachokuhusu wewe ni kipimo cha kawaida kifanywe sawasawa.

Njia inayotumika sana kuhesabu mayai huitwa Kato-Katz. Niliwahi kuruhusiwa kukaa kando ya mtaalamu akiifanya, na tangu hapo naelewa kwa nini haraka ni muhimu. Alikisukuma choo kupitia kichujio chembamba ili kuondoa makapi, akakijaza kwenye tundu la kibao kidogo linalobeba miligramu 41.7, akakibandika juu ya kioo, kisha akakifunika kwa kipande cha selofani kilicholoweshwa gliserini ya rangi ya kijani na kukibonyeza mpaka kikatandaa. Gliserini hung'arisha kila kitu. Dakika chache baadaye aliniitia hadubini. Yai lilikuwa la mviringo mrefu, ganda lake jembamba kama halipo, na ndani yake vijisehemu vinne vya kijivu vimekaa pamoja mithili ya mbegu ndani ya komamanga changa. Alihesabu mayai kumi, akazidisha kwa 24, akaandika 240 kwa kila gramu. Kisha akaniambia nisubiri. Tulipotazama tena baada ya muda wa kutosha kunywa chai, lile yai halikuwapo. Gliserini ilikuwa imeliyeyusha machoni petu. Mayai ya chango na ya minyoo mjeledi hubaki siku nyingi, ya safura hupotea, hivyo kioo kinatakiwa kisomwe ndani ya dakika 30 hadi 60.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kilichompata mwanangu. Mara ya kwanza tulipompima, katika maabara moja ambayo sitaitaja, vioo viliandaliwa asubuhi na kusomwa alasiri, tukaambiwa hana minyoo. Tulizunguka miezi minne na vidonge vya kuongeza hamu ya chakula.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua choo cha asubuhi hiyo hiyo, kisichochanganyika na mkojo wala mchanga, ukiweke katika kichupa safi chenye kifuniko, na ukifikishe maabara mapema. Uliza kwa adabu kitasomwa saa ngapi. Kama hawana vifaa vya Kato-Katz watatumia tone la choo na maji ya chumvi, na hilo hukosa maambukizi mepesi mara nyingi. Omba basi upeleke sampuli ya pili kesho yake. Minyoo hawatagi kwa kiwango kimoja kila siku, na sampuli mbili za siku mbili zina thamani kuliko moja iliyosomwa mara mbili.

Ukipewa hesabu ya mayai, isome hivi: chini ya 2,000 kwa gramu ni maambukizi mepesi, kuanzia 2,000 hadi 3,999 ni ya wastani, 4,000 na zaidi ni mazito. Watoto wengi wa kwetu wanaokutwa na safura wako kwenye daraja hilo la chini. Lakini baada ya yale ya Pemba usilichukulie neno "mepesi" kuwa ruhusa ya kupuuza. Mtoto ambaye hali samaki wala maini na ambaye ameumwa malaria mara mbili msimu huu hana akiba ya kumgawia mnyoo hata mmoja.

Mji wetu ni mji wa mchanga

Nairobi utasikia watu wakisema watoto wa mjini hawana safura, na kwa Nairobi wanasema kweli. Watafiti waliowapima watoto wa Kibera, kazi yao ikachapishwa mwaka 2014, walikuta karibu wanne kati ya kumi wana minyoo ya tumbo, ila walikuwa chango na mjeledi. Safura haikuwapo kabisa isipokuwa kwa mtoto mmoja mmoja. Sababu ni namna kila mnyoo anavyosafiri. Mayai ya chango ni magumu na yananata, humezwa na mtoto pamoja na uchafu wa mikononi, hivyo hupenda mahali palipobanana. Safura inahitaji udongo uliolegea, kivuli, unyevu na mguu mtupu.

Sasa tazama miji ya Matuga. Kombani ni njia panda ya lami, lakini ukitoka lami hatua ishirini unakanyaga mchanga. Kwale mjini imekaa juu ya ukingo wa Shimba, na nyuma ya nyumba nyingi kuna mihogo na migomba. Uwanja wa shule ni mchanga chini ya miembe na mikorosho, na mtoto wa Ng'ombeni anayevaa soksi nyeupe Jumatatu hadi Ijumaa utamkuta Jumamosi shambani kwa bibi akichota maji bila viatu. Anapewa jina la mtoto wa mjini na ana makazi mawili. Hata akihesabiwa katika shule ya mji, minyoo wake huenda aliwapata mahali pengine. Ukisikia kiwango cha safura cha shule fulani, kabla ya kulaumu uwanja wake uliza watoto hao hulala wapi likizo.

Matuga si mgeni katika utafiti huu. Mwaka 1997 Pascal Magnussen, Eric Muchiri na wenzao walichapisha matokeo ya miaka miwili ya kuwatibu watoto wa Matuga kupitia shule, dhidi ya kichocho cha mkojo na minyoo ya tumbo pamoja. Mpango wa kitaifa wa kutoa dawa mashuleni ulipoimarika kuanzia 2012, walimu wa Kwale wakawa wanagawa vidonge kila mwaka. Na bado, mwaka 2015 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilipoanza na wenzake wa London mradi wa TUMIKIA, jina linalotokana na maneno Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya, karibu mtu mmoja kati ya watano katika jamii za Kwale alikuwa na safura. Chango alikuwa nadra. Safura ndiyo iliyokuwa imebaki.

TUMIKIA iligawa kaunti katika maeneo 120 na kuyapangia kwa kura aina tatu za tiba. Kwingine dawa ilitolewa shuleni tu, mara moja kwa mwaka. Kwingine ilipelekwa nyumba kwa nyumba kwa kila mtu, mtoto na mzee, mara moja kwa mwaka. Na kwingine nyumba kwa nyumba mara mbili kwa mwaka. Baada ya miezi 24 wakapima jamii nzima. Penye dawa ya shule pekee safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Penye dawa ya nyumba zote mara moja, kutoka 17.9 hadi 8.0. Penye mara mbili, kutoka 20.6 hadi 6.2. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, na kwangu mimi ndiyo habari kubwa zaidi ya afya iliyowahi kutoka Kwale, ingawa sikuisikia ikitangazwa katika mkutano wowote wa wazazi niliohudhuria.

Sababu ya matokeo hayo ni kwamba safura, tofauti na chango, huongezeka kadiri mtu anavyokua. Wanaoibeba zaidi ni watu wazima: anayelima bila viatu, anayekata nyasi, anayekwenda haja shambani kwa kuwa choo kiko mbali. Mtoto anameza dawa shuleni mwezi huu, anarudi kwenye ua ambao mayai hudondoshwa humo kila siku na wakubwa wake. Necator mmoja jike hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Ancylostoma hufika 10,000 hadi 30,000.

Nilipozisoma tarakimu hizo nilikwenda Tiwi kwa mama yangu, nikamuuliza mara ya mwisho alimeza lini dawa ya minyoo. Alifikiri, akipura kunde. "Mwanangu, hiyo si ya wanafunzi?" Ana miaka sabini na moja. Amelima shamba lile lile tangu aolewe, kwa miguu mitupu kwa sababu viatu vinamtelezesha kwenye matope, na wajukuu wote hupelekwa kwake likizo.

Namna anavyoingia

Yai likidondoka kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, hutotolewa ndani ya siku moja au mbili. Buu hukua, na baada ya siku tano hadi kumi huwa tayari kumwingia mtu. Hapo hali tena. Hungoja tu, akipanda na kushuka na unyevu wa mchanga, na anaweza kungoja wiki tatu hadi nne. Jua kali na ukavu humuua. Ndiyo maana masika ni msimu wake, na sehemu za hatari ni zile zisizopigwa na jua: chini ya migomba, nyuma ya choo, kando ya bomba linalovuja.

Mguu ukikanyaga, hupenya katikati ya vidole kwa dakika chache. Mwasho wa vidole unaokuja baada ya mvua, ambao tunaupaka mafuta na kuusahau, mara nyingine ni yeye. Aliyegundua njia hiyo, Arthur Looss, alikuwa akifanya kazi Cairo mwishoni mwa karne ya 19 pale tone la maji yenye mabuu lilipomwagikia mkononi. Ngozi ikamwasha, tone likakauka, na mabuu walikuwa wameondoka. Wiki kadhaa baadaye akakuta mayai katika choo chake mwenyewe. Kutoka kwenye ngozi mnyoo husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni kwa kikohozi, humezwa, na kukaa utumboni. Tangu mguu ukanyage mpaka mayai yaonekane kwenye choo hupita wiki tano hadi tisa. Mtoto aliyetoka likizo ya Aprili akipimwa wiki ya kwanza ya muhula anaweza kuonekana msafi, kumbe bado wanasafiri ndani yake.

Cha kufanya nyumbani

Anza na jicho. Mvute mtoto ngozi ya chini ya jicho penye mwanga wa jua na utazame ndani. Panatakiwa pawe pekundu kama nyama mbichi. Pakiwa pamepauka, linganisha na jicho la ndugu yake, na viganja na kucha pia. Mtoto anayekula udongo au kutafuna mkaa anakuonyesha kwamba mwili wake unatafuta chuma. Usimchape, mpeleke apimwe damu. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, hemoglobini chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu. Kwa wa miaka 12 hadi 14, chini ya 12. Na ukikuta upungufu usiikimbilie safura peke yake. Kwale ina malaria, ina kichocho kinachomtoa mtoto damu kwenye mkojo, na Pwani ina ugonjwa wa selimundu wa kurithi. Mweleze mhudumu kila unachokijua, pamoja na rangi ya mkojo, ambayo mtoto wa kiume wa miaka kumi hatakwambia usipomuuliza.

Dawa ni albendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 400 cha kutafuna, kwa mwenye miaka miwili na zaidi. Wa kati ya miezi 12 na 23 hupewa nusu. Mebendazoli ya dozi moja ni dhaifu kwa safura, hata ikiwa inafaa kwa chango, hivyo dukani soma jina kabla ya kulipa. Dozi moja ya albendazoli huponya wengi, si wote, na inafanya kazi kwa aina zote mbili. Mjamzito asimeze katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo aulize kliniki, kwa sababu yeye ndiye anayeumia zaidi na upungufu wa damu siku ya kujifungua. Siku ya dawa shuleni kunaweza kuwa na vidonge vya kichocho pia, ambavyo idadi yake hupimwa kwa urefu wa mtoto. Hivyo vya kichocho vinataka tumbo lenye chakula. Mwalimu, mtoto aliyekuja bila kula umpe uji kwanza, kwa maana akitapika mbele ya wenzake darasa zima litakataa mwakani.

Dawa humtoa mnyoo, hairudishi damu. Kama hemoglobini iko chini, mhudumu ataandika vidonge vya chuma, na hivyo huliwa kwa wiki nyingi hata baada ya mtoto kuchangamka. Jikoni, dagaa, samaki, maini, kunde, mchicha na kisamvu, pamoja na kitu kichachu kama ndimu, ukwaju au embe bichi, ili chuma kipenye. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho. Isogeze mbele saa moja. Najua ninachokiomba katika nyumba za Pwani, lakini kwa mtoto aliyepauka naomba.

Viatu vinasaidia kweli. Watoto wanaovaa huonekana kuwa na safura kidogo kuliko wasiovaa. Tatizo ni kwamba tunanunua viatu vya shule na kuvifungia kabatini saa kumi jioni ili visichakae, wakati hatari inaanza saa hiyo. Jozi ya ndara ya kuchezea na kwendea chooni usiku ina faida kwa damu ya mtoto kuliko kiatu cheusi cha gwaride.

Choo nacho kitazame chini. Choo cha shimo chenye sakafu ya udongo, chenye kivuli na maji ya kutawadhia yanayomwagika, kinaweza kuwa mahali pa kuambukizwa badala ya kinga, hasa watoto wadogo wanapokosa tundu. Sakafu ya saruji inayomwagiwa maji na kukauka inakata njia hiyo. Kamati ya shule ikipata fedha kidogo, ningeanza na sakafu kabla ya rangi ya ukuta, kisha bomba linalovuja, kisha kusafisha kichaka cha nyuma ya vyoo ili jua lifike.

Kwa anayekaa karibu na Diani na fuo za kusini, neno moja juu ya safura ya tatu. Mbwa na paka wana minyoo wao wa jamii hiyo, na mabuu wao wakimwingia mtu hupotea njia. Hutambaa chini ya ngozi na kuacha mchoro mwekundu uliopinda, unaowasha usiku. Hawafiki tumboni na hawanywi damu, lakini mtoto hujikuna mpaka donda. Zahanati wana dawa yake. Usichome kwa sindano wala usimwagie mafuta ya taa.

Cha kuuliza shuleni na mtaani

Mkuu wa shule akikwambia kiwango kimeshuka hadi asilimia fulani, muulize kilipimwa kwa watoto peke yao au kwa jamii, na ni wangapi wenye maambukizi ya wastani na mazito. Shirika la Afya Duniani linataka hao wa wastani na wazito wawe chini ya asilimia 2 kufikia 2030, na linashauri dawa mara moja kwa mwaka pale wote wenye minyoo wanapofika asilimia 20, mara mbili wanapofika 50. Maeneo yanayoshuka chini ya 20 hufikiriwa kupunguziwa dawa. Hapo ndipo wazazi wa mjini wanapotakiwa kuwa macho, kwa sababu wastani wa kaunti nzima huficha kijiji kimoja chenye unyevu na kivuli.

Mtaani, mwendee mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba zenu. Yeye ndiye aliyepeleka dawa milangoni wakati wa TUMIKIA, au mwenzake. Mwambie una mtoto aliyekutwa na safura na ungependa wote wa nyumba hiyo, pamoja na kijakazi, kijana wa boda na bibi wa shamba, wapimwe au wapewe dawa wiki moja. Usimpe mtoto peke yake halafu ukashangaa Desemba. Bila kubadilisha kitu kingine, baada ya mwaka mmoja maambukizi hurudi zaidi ya nusu ya yalivyokuwa.

Mama yangu alikubali kumeza kidonge mbele ya wajukuu, akisema kina ladha ya chokaa. Nilimnunulia pia viatu vya mpira vya shambani. Anavivaa siku za matope, siku nyingine vimo mlangoni.

Andika tarehe ya dawa nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Hesabu siku 14 hadi 21 kutoka hapo, urudi na choo kipimwe tena, kioo kisomwe ndani ya saa moja. Mayai yakionekana bado, mtoto arudishiwe dozi. Kisha andika tarehe nyingine miezi sita mbele, baada ya mvua za vuli au masika, na siku hiyo upeleke vichupa viwili: cha mtoto na cha yule mkubwa anayelala naye nyumba moja.